Mawe ya Mbale, maji ya mwezini

MBALE — Ijumaa ya Agosti 14, 1992, saa tisa na dakika 40 alasiri, mlipuko ulitikisa anga ya Mbale. Ukafuatwa na ngurumo ndefu. Watu walikuwa na sababu ya kukimbia: mashariki ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika miaka ya uasi, na sauti ya aina hiyo haikuwa ngeni masikioni. Lakini kilichodondoka dakika chache baadaye hakikuwa bomu. Yalikuwa mawe, meusi kwa nje kama mkaa, na yalikuwa yametoka mbali kuliko shehena yoyote iliyowahi kushushwa katika mji huu.

Yalitawanyika katika eneo la kilomita 7 kwa 3, mjini na vitongojini. Mvulana mmoja aligongwa kichwani na kipande cha gramu tatu na ushei. Kabla ya kumfikia kilikuwa kimepiga jani la mgomba, kikapunguza kasi, na mtoto hakudhurika. Watu ambao kugongwa kwao na kimondo kumeandikwa na wanasayansi ni wachache mno duniani, na mmoja wao ni mtoto wa Mbale. Jiwe lililosafiri mamilioni ya miaka angani lilikuja kusimamishwa na jani la matoke.

Mji ule sasa ni jiji, tangu Julai 2020. Mitaa kama Namakwekwe imejaa nyumba, vibanda vya kutuma na kutoa pesa, na steji za bodaboda. Wafanyabiashara wanaopitia hapa na mizigo ya vitunguu, nguo na mahindi, wakielekea Malaba, Lwakhakha au Suam, wengi wao walikuwa watoto mwaka ule, au walikuwa hawajazaliwa. Hata hivyo kisa cha mawe yale kinawahusu kuliko wanavyodhani, kwa sababu swali lililoachwa na mawe ya Mbale ndilo linaloulizwa leo kuhusu maji yaliyogunduliwa mwezini. Ni swali la kibiashara: mali ikitoka juu, nani anajua bei yake, na nani analipwa?

Watafiti kutoka nje, pamoja na wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Makerere, walifika mapema. Kipande kimoja kilipimwa maabara siku 12 tu baada ya kuanguka. Walitembea kutoka boma hadi boma wakiuliza, wakabainisha mahali 48 mawe yalipoangukia. Jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27.4. Kufikia Oktoba 1993 vipande 863 vilikuwa vimeandikishwa uzito. Kutokana na hesabu zao, mwamba uliokuja ulikuwa na uzito unaokaribia tani moja. Ulitokea upande wa kusini, upande wa Tororo, kwa kasi ya kilomita 13 na nusu kwa sekunde. Lori likipewa kasi hiyo lingetoka Tororo hadi Mbale kabla dereva hajamaliza kupiga chafya. Ulianza kuvunjika zaidi ya kilomita 25 juu, ukapasuka kabisa ulipofika kati ya kilomita 14 na 10. Sehemu kubwa iliungua. Kilo zipatazo 190 ndizo zilizofika ardhini, na kati ya hizo takriban 150 ziliokotwa.

Kuna jambo moja la siku zile ambalo si la kuchekwa. Baadhi ya watu waliyasaga mawe yale wakayanywa kama dawa ya ukimwi, wakiamini kwamba Mungu ameyateremsha kwa kazi hiyo. Mwaka 1992 karibu kila familia ya Uganda ilikuwa imezika, na dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwa zimewafikia watu wengi. Mtu aliyekata tamaa, akiona kitu kinatoka mbinguni, atakipa thamani kubwa kuliko zote anazozijua. Mawe hayakuponya mtu. Lakini walioyanywa angalau waliyaona kuwa ni kitu. Wengine waliyaona ni mawe tu.

Wakusanyaji wa ng'ambo ndio waliojua bei. Leo vipande vya Mbale vinauzwa kwa gramu kwenye minada ya mawe ya anga huko Ulaya na Marekani, vimekatwa vizuri, vimeng'arishwa, na kila kimoja kina karatasi yake. Karatasi ndiyo inayotengeneza bei. Kimondo kilichoonwa kikianguka, chenye tarehe, mahali na jina linalotambuliwa, hupata mnunuzi haraka kuliko jiwe lilelile lisilo na historia. Kwa desturi, vimondo hupewa jina la mahali vilipoangukia, ndiyo maana neno Mbale limo katika orodha za makumbusho makubwa ya dunia. Mfanyabiashara wa mpakani anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Ndiyo habari ya cheti cha uasili wa bidhaa: mahindi ni yaleyale, lakini mwenye cheti anapita forodhani bila kutozwa ushuru wa kuingiza mali, na asiye nacho analipa au anarudi. Jumuiya ya Afrika Mashariki imerahisisha cheti hicho kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Waliookota mawe mwaka 1992 hawakuwa na wa kuwaeleza kwamba mali yao nayo inahitaji cheti.

Ivuna na Mbozi

Mbale si mahali pa kwanza Afrika Mashariki kupokea mzigo wa namna hii. Desemba 16, 1938, jiwe liliangukia Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, Tanzania. Lilikuwa dogo, gramu 705 tu, chini ya kilo ya sukari. Lakini ni la aina adimu mno. Wanasayansi wanaliweka katika kundi linaloitwa CI, na herufi ya pili katika jina hilo ni ya Ivuna. Yaani, popote duniani mtaalamu anapoandika juu ya mawe ya aina hiyo, anakitaja kijiji cha Rukwa, hata kama hajui kiko wapi. Mwaka 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kiliporudi na vumbi la mwamba wa angani unaoitwa Ryugu, vumbi hilo lilifanana na mawe ya kundi la Ivuna.

Sifa ya jiwe la Ivuna ni maji. Limeyabeba ndani ya madini yake, si kama kisima au sifongo, bali yamefungamana na udongo wa jiwe lenyewe, na ni sehemu ya kumi au zaidi ya uzito wake. Mawe ya Mbale ni ya kundi jingine lililopitia joto kali na kukauka. Yanatokana na mwamba mkubwa uliovunjika angani miaka milioni 470 iliyopita. Jiwe kama la Ivuna ni chombo cha kubebea maji. Wataalamu wengi wanaona kwamba sehemu ya maji ya dunia, na sehemu ya maji ya mwezini, ililetwa na mawe ya jamaa zake. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London ina kipande cha Ivuna na inakitunza kama yai.

Katika mkoa huohuo wa Songwe kuna kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10. Hilo halikuchukuliwa. Ni zito mno. Limebaki pale lilipo, limejengewa eneo lake, na wageni hulipa kwenda kuliona. Huenda hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kubakiza mali nyumbani: iwe nzito kuliko uwezo wa mchukuaji.

Kivuli cha Elgon

Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba mwezi ni mkavu. Wamarekani waliokwenda huko kati ya 1969 na 1972 walirudi na kilo 382 za mawe na udongo, na kwa vipimo vya wakati ule hapakuonekana maji ya kutajwa. Mambo yalibadilika pale India ilipopeleka chombo chake cha kwanza mwezini, Chandrayaan-1, Oktoba 2008. Kilibeba kifaa cha Wamarekani cha kupima mwanga unaoakisiwa na ardhi ya mwezi, na Septemba 2009 ikatangazwa kwamba alama za maji zimeonekana juu ya udongo wake. Mwezi uliofuata, Oktoba 9, Wamarekani walifanya jaribio ambalo fundi yeyote wa visima angelipenda: waliligongesha ganda la roketi lenye uzito wa zaidi ya tani mbili katika shimo liitwalo Cabeus karibu na ncha ya kusini ya mwezi, kisha wakapima vumbi lililoruka. Ndani yake waliona takriban kilo 155 za maji, katika hali ya mvuke na barafu. Kwa sadfa tu, ni karibu uzito uleule wa mawe yaliyookotwa Mbale.

Inakuwaje barafu ikae mahali penye jua kali lisilo na wingu hata moja? Wakazi wa Mbale wana jibu mlangoni kwao. Mlima Elgon uko mashariki mwa mji, na kila asubuhi jua huchelewa kufika chini kwa sababu mlima umelizuia. Katika ncha za mwezi jua halipandi juu. Linazunguka chini chini, pembezoni mwa upeo. Sasa fikiria shimo lenye kina cha kilomita kadhaa, lililozungukwa na Elgon pande zote. Humo ndani alfajiri haijawahi kufika kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Baridi yake inapita nyuzi 200 chini ya sifuri. Tone la maji likiingia humo haliondoki.

Oktoba 2020 habari nyingine ikaja: chembe za maji zimeonekana hata upande unaopigwa na jua, katika shimo kubwa la Clavius. Magazeti yalishangilia, lakini hesabu yenyewe inahitaji utulivu. Katika meta moja ya ujazo ya udongo wa huko yamo maji ya kutosha chupa ndogo moja, kama mililita 350. Jangwa la Sahara lina maji mara 100 zaidi. Pale Jinja, Nile inapoliacha Ziwa Viktoria, mamia ya meta za ujazo hupita kila sekunde, na hakuna anayepiga mbio kuzihesabu. Maji ya mwezini hayatafutwi kwa sababu ni mengi. Yanatafutwa kwa sababu ya mahali yalipo.

Hili nalo linaeleweka zaidi barabarani kuliko darasani. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kampala habebi mafuta ya safari nzima, kwenda na kurudi, na ya akiba. Akifanya hivyo atakuwa amebeba mafuta badala ya bidhaa. Anajaza njiani. Safari za anga hazina kituo njiani. Kila roketi huondoka duniani na kila tone itakalolihitaji, na sehemu kubwa ya uzito wake ni mafuta ya kubebea mafuta mengine. Maji yakitenganishwa kwa umeme hutoa hidrojeni na oksijeni, na mchanganyiko wa hizo mbili ni mafuta mazuri ya roketi. Oksijeni hiyohiyo ni hewa ya kuvuta. Kwa hiyo barafu ya mwezini ni kituo cha mafuta kilichojengwa tayari, kwenye njia ya kwenda Mirihi.

Nauli inaonyesha kwa nini watu wanaitamani. Kampuni ya Astrobotic ya Marekani ilitangaza bei ya kupeleka mzigo juu ya ardhi ya mwezi: dola milioni 1.2 kwa kilo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo chupa ya maji inayouzwa steji ya Mbale, ikifikishwa mwezini, nauli yake peke yake ni zaidi ya shilingi bilioni nne za Uganda. Na mzigo kufika si hakika. Chombo cha kwanza cha kampuni hiyo kiliondoka Januari 8, 2024, kikavuja mafuta saa chache baadaye, kikarudi na mizigo yote ya wateja na kuungua juu ya Bahari ya Pasifiki kabla ya mwezi huo kwisha. Waliowahi kupoteza shehena njiani watawahurumia wenye mzigo ule.

Warusi walipata hasara yao miezi mitano kabla: Agosti 2023 chombo chao, Luna-25, kilijigonga mwezini na kuvunjika. Siku nne baadaye, Agosti 23, India ilitua salama kwa chombo cha Chandrayaan-3, ikawa nchi ya kwanza kushusha chombo karibu na ncha ya kusini. China nayo imo mbioni. Wote wanaelekea upande mmoja, kwenye vivuli vilevile.

Mali ya nani?

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kuufanya mwezi kuwa ardhi yake. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizouridhia mapema, mwaka 1968. Maneno ya mkataba ni mazuri: anga ni ya wanadamu wote. Lakini mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria inayosema kwamba raia wake akichimba kitu huko, kile alichokichimba ni chake. Luxembourg ikafuata mwaka 2017, na Japani mwaka 2021. Kwa maneno mengine, shamba si la mtu, lakini mavuno ni ya mwenye jembe. Na jembe lenyewe ni la mabilioni ya dola.

Mwaka 2020 Marekani ilianza kukusanya saini za nchi zinazokubaliana na taratibu zake za mwezini, ziitwazo Makubaliano ya Artemis. Rwanda na Nigeria zilitia saini Desemba 2022, zikiwa za kwanza barani Afrika. Katika ukanda huu, Rwanda iliamua peke yake. Nchi wanachama wa Jumuiya huketi miezi kadhaa kubishania ushuru wa mchele na mitumba, na ni haki yao, lakini juu ya suala hili hakuna aliyewaita mezani, wala hawakujiita.

Haikuwa hivyo siku zote. Desemba 3, 1976, nchi nane zilizo kwenye mstari wa ikweta zilitia saini tamko mjini Bogotá, Colombia. Kati yake zilikuwamo Uganda, Kenya na Zaire. Zilidai kwamba ile njia ya angani iliyo juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, ambako satelaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja, ni rasilimali ya nchi iliyo chini yake. Anayetaka kuegesha satelaiti hapo aombe ruhusa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Idi Amin alikuwa amedai sehemu za magharibi mwa Kenya, na mwaka uliofuata Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika. Nairobi na Kampala hazikuweza kuelewana juu ya reli wala ndege, lakini zilielewana juu ya mbingu.

Wakubwa walilikataa tamko hilo. Walisema anga haina wenyewe, na utaratibu wa kugawa nafasi ukabaki kumpendelea aliyewahi kufika. Baadaye, mwaka 1988, kila nchi ilitengewa angalau nafasi moja, hata ile isiyo na satelaiti. Kodi ya maegesho waliyoiota watu wa Bogotá haikulipwa hata senti moja.

Ushahidi wa waliyoyapoteza uko juu ya mapaa ya Namakwekwe. Ulaya, sahani ya televisheni husimama wima ikitazama upande. Hapa, baadhi ya sahani zimelala chali kama ungo wa kupepetea, na mvua ikinyesha hukinga maji. Fundi hajakosea. Satelaiti inayotafutwa iko karibu utosini. Kampuni ya Eutelsat ya Ufaransa imeegesha yake nyuzi 36 mashariki, na mstari ukishushwa kutoka hapo hadi ikweta unaangukia ndani ya Kenya. Mwenye nyumba Mbale analipia vipindi, kampuni ya vipindi inalipia masafa, na mwenye satelaiti anapokea. Kenya, iliyo chini yake, haina lolote inalodai.

Wafanyabiashara wa mpakani tayari ni wateja wa anga hata kama hawana televisheni. Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Uganda, Kenya na Rwanda zimekuwa na mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo kwa elektroniki. Sili inayofungwa kwenye kontena Mombasa inasikiliza satelaiti za GPS za Marekani zilizo kilomita 20,000 na ushei juu, na afisa anaona kwenye skrini lori liko wapi na kama mlango umefunguliwa. Mfumo huo umepunguza misafara ya kusindikizwa na siku za kungoja. Hapo nchi tatu zilikaa pamoja, na matokeo yakaonekana Malaba na Busia.

Kwenye satelaiti zenyewe, kila mmoja amekwenda kivyake. Kenya ilirusha ya kwanza, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 2018, kisha Taifa-1 Aprili 15, 2023. Rwanda ilirusha yake mwaka 2019. Ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilitengenezwa na wahandisi watatu Waganda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Iliondoka Virginia, Marekani, Novemba 7, 2022, na ikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2. Ni sanduku la sentimita 10 kila upande, lenye uzito wa kama kilo moja, na kamera ya kupiga picha za ardhi na maji. Taarifa zake zilipangwa kupokelewa Mpoma, wilayani Mukono. Satelaiti ndogo zinazoachiwa katika kimo hicho, kilomita kama 400, hazikai sana. Hewa nyembamba huzivuta hadi zikaungua. Ni shule kuliko chombo cha kazi, na shule ni kitu kizuri. Lakini shule tatu, kila moja na darasa la watu wachache, ni gharama kubwa kuliko shule moja.

Mbale inajua hasa inachohitaji kutoka juu. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, miezi mitatu tu kabla ya PearlAfricaSat-1 kurushwa, mvua kubwa ilinyesha kwenye miteremko ya Elgon, na mto Nabuyonga ukafurika jijini. Zaidi ya watu 20 walifariki, barabara zikakatika, bidhaa zikasombwa. Bududa, juu ya mlima huohuo, ilikuwa imezika mamia ya watu wake katika maporomoko ya Machi 2010, na wengine tena Oktoba 2018. Mvua ya Elgon haina pasipoti. Ikinyesha juu, Lwakhakha, mto ambao ndio mpaka wenyewe, unajaa kutoka pande zote mbili, na daraja likifungwa linafungwa kwa Mkenya na kwa Mganda. Onyo la saa sita tu lingemtosha mwenye duka kunyanyua mifuko ya unga, na dereva kulala Tororo. Kamera moja angani inaona pande zote mbili za mlima kwa wakati mmoja. Kinachokosekana ni ofisi moja chini ya kuipokea picha na kupiga simu pande zote mbili.

Hayo ni ya juu. Chini, hesabu ya mwaka 1992 haijafungwa. Kati ya kilo 190 zilizokadiriwa kufika ardhini, karibu 40 hazijaokotwa. Zimo mabwawani upande wa Namatala, mashambani, na bila shaka chini ya misingi ya nyumba zilizojengwa tangu hapo. Baada ya miaka zaidi ya 30 ya mvua, rangi nyeusi ya nje huwa imegeuka ya kutu. Anayechimba msingi na kukutana na jiwe dogo lakini zito kuliko mengine ya ukubwa wake, lisilo na vitundu, lenye ganda kwa nje na linalovuta sumaku, asilipasue kwa nyundo wala kuliosha kwa sabuni. Apige picha pale lilipo, aandike tarehe na mahali, apime uzito, kisha awasiliane na wanajiolojia wa Makerere kabla ya kuzungumza na mnunuzi.